Kifusi Chini ya Nyuso Nne

Picha za Mlima Rushmore karibu zote hukatwa kidevuni. Ndivyo zilivyo kwenye kadi za posta, na ndivyo nilivyoujua mlima huo tangu nikiwa mwanafunzi: Washington, Jefferson, Theodore Roosevelt na Lincoln, vichwa vinne vya mawe vikitazama mbali, na anga ya samawati nyuma yao. Niliposimama mbele ya mlima wenyewe, macho yangu yaliteremka. Chini ya videvu kuna poromoko kubwa la mawe yaliyovunjika, ya rangi ya kijivu inayokaribia weupe, limesambaa mpaka kwenye misonobari. Ni zaidi ya tani 400,000 za graniti. Mawe hayo yalirushwa na baruti kati ya mwaka 1927 na 1941, yakaangukia hapo, na hapo yapo hadi leo.

Nililitazama poromoko lile kwa muda mrefu kuliko nilivyozitazama nyuso. Nafundisha historia shule ya upili, huko Machakos, na kazi yangu kubwa ni kuwahimiza vijana waulize kazi ilifanywaje, ilifanywa na nani, na mahali pale palikuwa pa nani kabla ya hapo. Mbele yangu palikuwa na jibu la maswali hayo yote, limelala wazi juani, na umati wa watalii umelipa mgongo ili nyuso zitokee vizuri pichani.

Mdogo wangu anaishi Sioux Falls, mji mkubwa kuliko yote katika jimbo la South Dakota. Wahamiaji wengi wameletwa huko na kazi za viwanda vya nyama, na kanisani kwao Jumapili nilisikia Kiswahili cha Bukavu, cha Bujumbura na cha Kakuma, vyote katika wimbo mmoja. Mke wake, wifi yangu, ni mzaliwa wa Bukavu. Binti yao wa darasa la nne ndiye aliyeichagua safari hii. Walikuwa wamesoma habari za mlima shuleni, naye akaona aibu kwamba shangazi yake angerudi Kenya bila kuuona.

Kutoka Sioux Falls hadi Rapid City ni zaidi ya kilomita 550 kwa barabara kuu nambari 90, na barabara hiyo imenyooka hata dereva hana kazi ya kufanya isipokuwa kukesha. Mahindi, maharage ya soya, mahindi tena. Kwenye mji wa Chamberlain ardhi inakatika ghafla na Mto Missouri unatokea chini, mpana, wa buluu nzito. Juu ya ukingo wake wa mashariki imesimama sanamu ya chuma ya mwanamke wa asili wa nyanda zile, urefu wa mita 15, amejitandazia mgongoni blanketi lenye nyota. Iliwekwa mwaka 2016 na inaitwa Dignity. Vipande vya blanketi hilo hutikisika upepo unapovuma. Tulishuka, tukaizunguka, na wifi yangu akasema kwamba hata tungerudi nyumbani kutoka hapo, safari ingekuwa imelipa. Nilikubaliana naye.

Baada ya mto mashamba yanaisha na malisho yanaanza. Saa zinarudishwa nyuma saa moja. Kisha kuna Badlands, maili na maili za vilima vya udongo vilivyoliwa na mvua, vyenye mistari myekundu na ya manjano. Pale panastahili makala yake peke yake, kwa hiyo napita.

Rapid City ni mji uliojipamba kwa marais. Katika pembe za barabara za katikati ya mji wamesimama kwa shaba, ukubwa wa mtu wa kawaida, mmoja mmoja, kila aliyewahi kuongoza kabla ya siku zetu hizi. Barack Obama aliwekwa mwaka 2019, amemshika mkono binti yake mdogo. Tulimtafuta yeye kwanza. Mdogo wangu, ambaye kwa kawaida hapendi kupigwa picha, alisimama ubavuni mwake akiwa amenyoosha mabega. Mtoto wa mtu wa Kogelo, kwa shaba, katikati ya Dakota! Mzee mmoja Mmarekani aliyekuwa akipita na mbwa alituuliza tunatoka wapi, na aliposikia Kenya akajitolea kutupiga picha sisi wote.

Kutoka hapo barabara inapanda kuingia katika milima ya Black Hills, ambayo Walakota huiita Paha Sapa. Ukiwa mbali milima hii ni myeusi kweli kwa sababu ya wingi wa misonobari. Ukiingia ndani yake unaona ni ya kijani na kijivu, na graniti inachomoza kati ya miti kama vidole. Kilele chake kikuu kina mita 2,207. Kwa miaka mingi kiliitwa Harney Peak, jina la jenerali ambaye askari wake waliwaua Walakota, wanawake na watoto wakiwemo, mwaka 1855. Mwaka 2016 serikali ya Marekani ilikibadilisha jina kikawa Black Elk Peak, kwa heshima ya mzee wa dini wa Kilakota. Nilifurahi kulijua hilo kabla ya kufika Rushmore. Nilijua kwamba katika nchi ile jina la mlima linaweza kurekebishwa.

Jina la Rushmore lenyewe lina asili ndogo mno kwa mlima mkubwa hivyo. Charles Rushmore alikuwa wakili kijana wa New York aliyetumwa mwaka 1885 kushughulikia hati za migodi, na mlima ukapewa jina lake. Walakota walikuwa wakiuita Mababu Sita.

Kiingilio hakuna. Unalipia maegesho ya gari tu. Kisha unapita katikati ya nguzo zenye bendera za majimbo na maeneo ya Marekani, 56 kwa jumla, na mwisho wa nguzo hizo kuna baraza pana ambalo mlima unatazamana nalo. Mara ya kwanza nyuso zinaonekana ndogo. Binti wa ndugu yangu alisema hivyo kwa sauti, "Shangazi, mbona wadogo?" Nikamwambia asubiri. Kila kichwa kina urefu wa mita 18 kutoka utosini hadi kidevuni, na pua ina mita sita. Akili haipokei vipimo hivyo mpaka macho yapate kitu cha kulinganisha. Tulikipata tulipofuata njia ya miguu inayozunguka chini ya mlima: mbuzi mweupe wa milimani alikuwa amesimama juu ya mwamba chini ya Washington, doa tu, na mtoto akanyamaza huku akiinua macho kutoka kwa mbuzi hadi kwenye pua. Mbuzi hao wenyewe si wa pale. Waliletwa kutoka Kanada, wakatoroka kwenye zizi la hifadhi jirani katika miaka ya 1920, wakazaliana.

Njia hiyo ina ngazi 422, nami naisifu kuliko baraza. Inapita karibu na kifusi, mahali unapoweza kuona mawe moja moja. Baadhi yake yana mifereji iliyonyooka, nusu ya duara, sambamba: ni alama za keekee. Ukishaziona kwenye mawe ya chini, unaanza kuziona juu pia, kwenye sehemu ambazo hazikulainishwa, pembeni mwa koti la Washington na nyuma ya kichwa cha Lincoln. Kuanzia hapo sikuona tena sanamu. Niliona mahali pa kazi ambapo watu wameacha zana wakaenda zao.

Kazi yenyewe ilianza na mtu aliyetaka watalii. Doane Robinson, mwanahistoria wa jimbo, alitoa wazo hilo mwaka 1923: miamba ichongwe ili wenye magari wavutike kuja South Dakota. Yeye alitaka mashujaa wa magharibi, na mmoja wao awe Red Cloud, chifu wa Walakota. Akamwita mchongaji Gutzon Borglum, ambaye wakati huo alikuwa Stone Mountain, Georgia, akichonga majemadari wa majimbo ya kusini yaliyopigania utumwa, na alikuwa na ukaribu na viongozi wa Ku Klux Klan. Ni Borglum aliyesema wawe marais. Red Cloud akatoka, Roosevelt akaingia. Habari hizi zote zinapatikana kwa anayetaka kusoma, na nadhani mgeni anapaswa kuzibeba akiwa anapanda zile ngazi, kwa sababu Borglum huyohuyo alikuwa fundi wa kiwango ambacho sijawahi kukishuhudia.

Katika karakana yake, nyumba ya magogo iliyojengwa mwaka 1939, bado umo mfano wa plasta wa nyuso nne. Kipimo chake ni moja kwa kumi na mbili: inchi moja kwenye plasta ni futi moja mlimani. Juu ya utosi wa kila mfano paliwekwa bamba lenye digrii, na fito iliyozunguka, na timazi iliyoning'inia. Unapima pembe, umbali na kina cha ncha ya pua kwenye plasta, unazidisha kwa kumi na mbili, na kule juu kuna kifaa kilekile kikubwa mara kumi na mbili kinachokuonyesha mahali pa kutoboa. Hivyo ndivyo mchimbaji wa madini, mtu ambaye hakuwahi kuchonga hata kijiko, alivyoweza kuchonga jicho la rais.

Kwani waliochonga walikuwa wachimbaji, karibu 400 kwa jumla katika miaka ile yote, wengi wao kutoka migodi ya jirani iliyofungwa. Ulikuwa wakati wa mdororo mkuu wa uchumi na kazi ilikuwa haba. Kila asubuhi walipanda ngazi 700 kufika juu, wakafungwa kwenye viti vilivyoning'inizwa kwa kebo za chuma, na winchi zikawateremsha usoni mwa mwamba. Vijana walikaa ukingoni kupitisha amri kwa kelele: teremsha, simama, pandisha. Asilimia 90 ya jiwe iliondolewa kwa baruti, na wataalamu wa baruti waliweza kulikata karibu kabisa na ngozi ya uso. Kisha walitoboa matundu mengi yaliyokaribiana sana, na jiwe lililobaki kati yake likang'olewa kwa nyundo na patasi, kama mahindi yanavyopukuchuka yakishalegea kwenye gunzi. Mwisho kabisa ilikuja nyundo ndogo ya hewa ya kulainisha.

Jefferson alianzwa mahali pengine, upande wa pili wa Washington. Mwamba pale ulikuwa na nyufa, na mwaka 1934 kichwa kile kilipasuliwa kwa baruti, kazi ya miaka ikaanguka chini ikawa sehemu ya kifusi. Akaanzwa upya alipo sasa. Roosevelt alitafutiwa mwamba mzuri kwa kuchimba ndani zaidi na zaidi, kiasi cha mita 36 kutoka uso wa awali, mpaka ikabaki graniti kidogo tu kati yake na bonde lililo nyuma. Ndiyo maana amekaa kivulini, ameingia ndani kati ya Jefferson na Lincoln.

Katika mboni ya kila jicho waliacha kijiti cha graniti kimechomoza, na kijiti hicho hushika jua, jicho likawa na uhai. Miwani ya Roosevelt haipo. Kuna daraja la pua na mistari michache ya fremu tu, na mtazamaji humalizia mwenyewe. Nilipoyaona mambo haya mawili kwa darubini, niliinamisha kichwa. Fundi ni fundi.

Hakuna mfanyakazi hata mmoja aliyekufa wakati wa kazi, na mwongozo husema hivyo kwa fahari inayostahili. Vumbi ni habari nyingine. Wengine walikataa barakoa kwa joto, na baadaye silikosisi, ugonjwa wa mapafu uletwao na vumbi la mawe, ikawafuata baadhi yao. Mchongaji mkuu, Luigi Del Bianco, alikuwa mhamiaji kutoka Italia. Yeye ndiye aliyekabidhiwa kuzipa nyuso hisia. Ilichukua hadi mwaka 2017 kwa bamba lenye jina lake kuwekwa pale. Mdogo wangu, ambaye naye ni mhamiaji anayefanya kazi kwa mikono yake, alilisoma lile bamba mara mbili, akaniita: "Dada, njoo umwone huyu."

Borglum alikusudia kuwachonga marais hadi kiunoni. Alikufa Machi 1941, mwanawe Lincoln Borglum akaendeleza, na Oktoba 31 mwaka huohuo fedha zikakatwa, zana zikakusanywa. Gharama yote haikufika dola milioni moja.

Sasa nirudi kwa Roosevelt, kwa sababu kwake nilikuwa na neno langu binafsi.

Nilikulia karibu na tambarare za Kapiti. Reli ya zamani inapita pale, na kituo cha Kapiti kipo. Aprili 1909, wiki chache tu baada ya kutoka madarakani, Theodore Roosevelt alishuka melini Mombasa na mwanawe Kermit, akapanda treni ya Uganda akiwa amekalia benchi lililofungwa mbele ya injini ili aone wanyama vizuri, na akashuka Kapiti. Palikuwa pamepangwa mahema yakimsubiri, na wapagazi zaidi ya 200. Alikuja kukusanya wanyama kwa ajili ya makumbusho ya Smithsonian. Kwa karibu mwaka mzima alizunguka Machakos, Sotik, Naivasha, pande za Mlima Kenya, Uasin Gishu, kisha Uganda na kushuka Mto Naili hadi Khartoum. Yeye na mwanawe peke yao walipiga risasi wanyama 512. Msafara wote ulikusanya vielelezo zaidi ya 11,000, na ngozi zilihifadhiwa kwa chumvi, tani nne za chumvi, ambazo zilibebwa vichwani na mabegani.

Roosevelt aliandika kitabu kuhusu safari hiyo, na ndani yake amewataja baadhi ya watu wetu. Bakari yumo, aliyembebea bunduki. Juma Yohari yumo, Mswahili aliyekuwa na Kermit. Anawasifu kwa ujasiri na wakati mwingine anawazungumzia kama watoto, kwa lugha ya kikoloni ya siku zake. Wengi hawakutajwa. Walibeba chumvi ile kutoka Kapiti, tambarare nilizochezea nikiwa mtoto, na hakuna ukuta wenye majina yao.

Nilimweleza binti wa ndugu yangu mambo haya tukiwa kwenye ngazi, tukiwa tumeelekeana na uso wenye masharubu. Aliuliza kama Bakari alikuja Marekani. Nikasema hapana, Roosevelt aliondoka na ngozi. Akafikiri kidogo, akasema, "Kwa hiyo sisi ndio tumekuja kumwona." Nilimkumbatia. Sikuhisi hasira mbele ya uso ule, nami nasema hivyo nikiwa na uhakika. Roosevelt alizilinda ekari milioni nyingi za misitu katika nchi yake, na watoto wake wa leo wananufaika. Nilitaka tu wapagazi wahesabiwe. Nilisimama pale nikawahesabu kwa niaba yao, kwa sauti, kwa majina mawili ninayoyajua.

Kuhusu wengine watatu, mwalimu wa historia hawezi kunyamaza. Jefferson, aliyeandika kwamba watu wote wameumbwa sawa, alimiliki watumwa zaidi ya 600 katika maisha yake. Washington naye alikuwa mmiliki wa watumwa. Lincoln alitangaza uhuru wa watumwa wa majimbo yaliyoasi tarehe 1 Januari 1863, siku chache tu baada ya Wadakota 38 kunyongwa pamoja mjini Mankato, Desemba 26, 1862. Mahakama ya kijeshi ilikuwa imewahukumu kifo watu 303, Lincoln akapitia faili zao akawaondolea wengi adhabu hiyo, na akaidhinisha waliobaki. Kwa Wadakota na ndugu zao Walakota, mikono iliyotia sahihi hati hizo mbili ni ya mtu mmoja, na uso wake umewekwa katika milima yao.

Ni milima yao kwa maana ya kisheria kabisa. Chini kidogo ya njia kuna kijiji cha mfano chenye mahema ya tipi, na tulimkuta pale kijana Mlakota akiwaeleza wageni maisha ya mababu zake. Watu walipopungua nilimuuliza habari za mkataba, naye akanieleza bila haraka, kama mtu aliyekwisha kuzieleza mara nyingi na yuko tayari kuzieleza tena. Mkataba wa Fort Laramie wa mwaka 1868 uliwapa Wasioux, jina la pamoja la watu hao, Black Hills yote, na ukasema hakuna sehemu itakayotolewa bila sahihi za robo tatu ya wanaume wazima. Mwaka 1874 msafara wa jeshi ukiongozwa na Custer ulitangaza kwamba kuna dhahabu. Wachimbaji wakamiminika. Mwaka 1877 bunge la Marekani likaichukua milima kwa sheria, kwa kutegemea sahihi za kama mmoja kati ya kumi.

Wifi yangu alikuwa amenyamaza muda wote. Alinigeukia. "Kumbe ni dhahabu tu," akasema. Anatoka Kivu. Hakuhitaji kuelezewa jinsi utajiri ulio chini ya ardhi unavyoweza kuwahamisha watu walio juu yake. Walizungumza wao wawili kwa muda, yeye na yule kijana, mimi nikitafsiri, habari za koltani na habari za mgodi wa Homestake, uliochimba dhahabu katika milima hiyo kwa zaidi ya karne na ukafungwa mwaka 2002.

Kesi ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 1980 majaji waliamua kwamba serikali iliichukua ardhi ile bila fidia ya haki. Ikaamriwa walipwe thamani ya mwaka 1877 pamoja na riba, zaidi ya dola milioni 100. Wasioux walikataa. Fedha ziko kwenye akaunti ya serikali, riba inaongezeka, na sasa zimepita dola bilioni moja. Watu wa Pine Ridge, moja ya maeneo maskini kuliko yote Marekani, wako mwendo wa saa mbili tu kutoka pale, nao hawajazigusa. Nilimuuliza yule kijana kama kuna siku watazichukua. Alisema ukipokea pesa umeuza, na nyanya yake hakuuza.

Asubuhi iliyofuata tulikwenda Crazy Horse, mwendo wa nusu saa hivi kwa gari. Ni mlima mwingine unaochongwa, wa shujaa wa Walakota aliyeuawa mwaka 1877. Chifu Henry Standing Bear alimwalika mchongaji Korczak Ziolkowski, aliyewahi kufanya kazi Rushmore, ili wageni wajue kwamba na wenye nchi wana mashujaa. Mlipuko wa kwanza ulikuwa mwaka 1948. Ziolkowski alikataa fedha za serikali kuu, akafa mwaka 1982, familia yake ikaendelea, na uso ukakamilika mwaka 1998. Una mita 27, mrefu kuliko kila uso wa Rushmore. Mkono ulionyooshwa bado unatoka mwambani.

Nilikwenda nikitarajia kuupenda kuliko ule wa kwanza. Ukubwa wake ulinishinda nguvu, na makumbusho yake ni hazina. Lakini Crazy Horse hakutaka kupigwa picha, na hakuna picha yake inayojulikana kwa hakika. Uso ule ni wa kubuni. Wapo Walakota wanaouona kuwa heshima, na wapo wanaosema kwamba kuulipua mlima mtakatifu ni kosa lilelile hata kama uso ni wako. Baada ya kuona kifusi cha Rushmore, niliegemea upande wa hao wa pili. Mlima ulikuwa umekamilika.

Yule kijana wa kwenye tipi alikuwa ametuambia tusiondoke Black Hills bila kupita Pe' Sla, na akatuchorea njia kwenye karatasi. Ni uwanda wa nyasi katikati ya milima, upande wa magharibi, mahali pa ibada kwa Walakota tangu zamani. Barabara ni ya changarawe. Hakuna bango, hakuna baraza, hakuna duka. Tulisimamisha gari kando ya uzio, tukatazama nyasi zilivyolala upande mmoja kwa upepo.

Ardhi hiyo ilikuwa ya familia moja ya wafugaji. Walipotangaza kuiuza mwaka 2012, makabila ya Sioux yalichanga yakainunua, ekari 1,942 kwa dola milioni 9. Mdogo wangu alipiga hesabu kwenye simu akapata zaidi ya dola 4,600 kwa kila ekari, kwa ardhi ambayo mkataba wa 1868 unasema ni yao. Akakitaja kiasi hicho mara ya pili, kwa Kikamba, ili mimi dada yake nikisikie vizuri.

Wifi yangu alikuwa ameshika uzio kwa mikono yote miwili. "Na huyo aliyewauzia," akauliza, "wa kwao wa kwanza aliinunua kwa nani?"